Picha ya Taa, Nakala Safi

Ombati, omosani wangu, rafiki yangu,

Kama huko uliko kuna watu wanaouliza ni nani mwenye bahati Ekerenyo nzima, waambie ni Osoro. Usibishe. Wengine wanabahatika ng'ombe, wengine kiti cha wadi. Mimi nimepata kile ambacho wewe na mimi tulikitafuta tangu tukiwa na meno yote mdomoni. Nimepata Picha ya Taa. Si nakala ya nakala ya nakala ya mtu wa Kisumu. Ni nakala safi, diski ya bluree, ndani ya kasha lake, plastiki haijaguswa na ukucha wa mtu. Nimeitazama hadi mwisho. Na ulisema kweli, ndugu yangu: yule mtu alifika nyumbani. Taa ilikuwa inawaka. Mimi niliyebishana nawe ujana wangu wote nimeshindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Bahati imenikalia begani kama kunguru, hadi majirani wananisalimia kwa mikono miwili.

Aliyeitafuta ni Kerubo, binti ya dada yako, yule anayeuguza wazee wa watu huko Marekani. Sisi tulishindwa kwa sababu hata jina la picha hatukulijua. Kanda yetu ilitafunwa mwanzo na deki, ikawa inaanza mtu yuko tayari juu ya farasi, vita vimekwisha, anarudi kwao. Tukaibatiza wenyewe. Nilimweleza Kerubo kwa simu: mwanamume mwenye koti la kijani, farasi mwenye baka jeupe usoni, mto, mvua, kilima, giza, taa. Akasema, "Mjomba, picha za hivyo ziko kama utitiri." Nikamwambia atafute ile ambayo mtu haongei tangu anapovuka mto hadi mwisho. Akaipata. Akampa mtu aliyekuwa anakuja mazishini kule Nyanchwa, pamoja na deki ya kuichezesha. Mtu huyo alinikabidhi mzigo karibu na jeneza la wenyewe, nami nikasahau kulia. Wanasema sasa mimi ni mtu asiye na huruma. Waache.

Habari za huku, maana najua unapenda habari. Duka letu la kanda si duka tena. Zile kuta ulizozipaka rangi nyeusi ili mchana uwe usiku, zimepakwa rangi ya waridi, na mama mmoja anasuka watu nywele humo. Nilichungulia siku moja nikaona mtu amekaa mahali pako, kichwa kimeinama, nikadhani ni wewe unasikiliza kama sauti ya kanda imechelewa nyuma ya midomo. Alikuwa mwalimu wa nasari anatiwa rasta. Siku hizi watu wanatazama picha kwenye simu, Ombati. Farasi mzima ana ukubwa wa chawa, na wanamtazama wakiwa juu ya boda boda. Nilimwuliza mmoja weusi wa picha yake ukoje. Akaniambia, "Mzee, bora inacheza."

Bora inacheza. Ungesikia hilo ungekufa mara ya pili.

Shemeji Moraa yuko. Asubuhi anachuma majani chai, jioni anakaa mlangoni. Simwambii apumzike, kwa sababu akipumzika anakutazama pale kando ya migomba tulipokulaza. Diski zako amezitundika kwenye shamba la wimbi kufukuza ndege. Nilitaka kukasirika. Nikamwambia, "Shemeji, angalau ungetundika zile feki." Akanijibu, "Nilianza na zile feki. Ndege walikuwa wanatua juu yake." Basi tukacheka.

Watu huniuliza ni nani aliyetufundisha kupima picha, nami husema ni mimi. Nimekaa Mombasa, nimeingia sinema za viti vya kukunja Nairobi, na kama si karo ya kidato cha tatu sasa ningekuwa profesa wa kitu fulani. Wewe hukupita Kericho. Lakini wewe uliosha vikombe kwenye chumba cha kuonjea chai kule kiwandani Itumbe, ukawaona waonjaji wakivuta chai kwa kelele, wanaizungusha mdomoni, wanatema. Ukaileta tabia hiyo dukani. Kanda mpya ikiingia, mimi nataka tuitazame yote, na wewe unasema, "Chai ya kupimwa haimezwi." Unaonja mahali patatu tu: usiku, uso na mvua.

Usiku kwanza. Giza zuri, ulisema, ni lile ambalo mbuzi mweusi anaonekana ndani yake. Giza baya ni masizi. Halafu uso: lazima uwe na ngozi, na ngozi iwe na vinyweleo na jasho. Waliosafisha picha kupita kiasi wanakuletea watu wa nta, ukiwasha kiberiti karibu na televisheni wanayeyuka. Halafu mvua: kila tone liwe na njia yake, isiwe uji umemwagika. Picha iliyofaulu yote uliipa alama ya mchumaji bora: majani mawili na chipukizi. Jani moja ni picha, la pili ni sauti, na chipukizi ni zile chembechembe ndogo zinazocheza juu ya kila kitu kama unga wa wimbi. Wateja walirudisha diski wakisema ina mchanga. Uliwaambia, "Huo si mchanga. Hapo ndipo picha inapumulia." Wakaenda nayo wakiwa wameridhika, au wamechoka kukusikiliza. Mimi nilidhani wamechoka.

Ulipima kila kitu kilichopita Ekerenyo na nusu ya kilichopita Kisii mjini. Uliweza kukataa kanda kwa kuinusa. Kitu kimoja tu hukukipima kamwe, na ni mwisho wa picha yetu wenyewe.

Unakumbuka mwisho huo ulivyokuwa. Mtu anapanda kilima, jua linazama, halafu kanda inakuwa masizi matupu. Huoni farasi, huoni mtu. Unasikia kwato tu, polepole, zikipanda. Halafu chini upande wa kulia inatokea ile nukta ya manjano, inatetemeka. Kwato zinasimama. Imekwisha. Wewe ukawa unasimama mbele ya wateja unasema, "Mkewe amewasha. Mtu hawashi taa kwa ajili ya mtu asiyekuja." Akina mama wa sokoni walifuta macho kwa leso. Mimi nikawa nasema huenda ni moto wa wawindaji, huenda ni kwa jirani, huenda amepotea njia na anaenda kulala kwa watu. Siku moja ulikasirika ukaiacha chai yako mezani karibu na yangu ukaondoka, nyumbani kwako wewe. Nikazinywa zote mbili.

Sasa nikuambie kuhusu ile safari, maana wewe ulilala katikati hukuona mwisho wake. Daktari kule mjini alisema tukupeleke nyumbani, na kila mtu mzima anajua maneno hayo yana maana gani. Wewe ulifurahi. Ulitaka kitanda chako na ukuta wako. Moraa alikaa mbele na dereva, wewe ulilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, mzito kama mkungu wa ndizi. Ilikuwa Sabato, na pale chini ya Nyanchwa tulisimama kidogo kupisha watu wanaopanda kanisani na Biblia zao. Ukaniambia, "Osoro, ukiipata iliyo safi, utaniambia?"

Nikasema, "Nitakuambia wewe kabla ya mke wangu."

"Lakini mimi najua."

"Unajua nini?"

"Taa," ukasema, kama mtu anayemjibu mtoto.

Nikaanza kuwapigia hadithi za masikio ya dereva, kwamba yangeweza kupokea stesheni za Tanzania. Moraa akacheka. Wewe ukatabasamu. Tukiwa bado hatujafika Nyamira mkono wako ukawa na uzito mwingine. Nilijua. Nikaendelea na hadithi, Ombati. Nilisimulia habari za Mombasa, nyingine nikazitunga pale pale, kwa sababu Moraa alikuwa bado anacheka huko mbele, na ningenyamaza angegeuka. Nilichekesha watu hadi Nyamira, wewe ukiwa mapajani kwangu umeshaondoka. Sijawahi kuwa mcheshi kama siku ile. Na sijawa tena.

Tulipofika kwako, mama yako alikuwa ameacha taa ya barazani ikiwaka. Mchana kweupe. Walimwambia unarudi, basi akaiwasha tangu alfajiri. Hakuna aliyekumbuka kuizima hadi tulipokuzika.

Basi diski ilipokuja nilitundika blanketi madirishani saa sita mchana, nikafukuza kuku, nikakaa. Nilimwita Moraa. Akasema hawezi, nitazame mimi kisha nimwambie kitu kimoja tu, kama alifika.

Nimeipima kama ulivyonifundisha. Uso: majani mazuri. Yule bwana ana kovu chini ya jicho ambalo kwenye kanda yetu halikuwepo, na meno yake ni mabaya kuliko yangu. Koti si la kijani. Ni la buluu, la askari. Kanda yetu ilimvisha kijani miaka yote hiyo na sisi tukamfanya mtu wa msituni. Mvua: kila tone na njia yake, pale mtoni niliona hadi mvuke ukitoka mgongoni mwa farasi. Kingo hazijakatwa. Kumbe pale kanda yetu inapoanza kuna mwanamke amesimama kushoto kabisa, amemwinulia mkono, na sisi hatukumwona hata siku moja kwa sababu aliyetengeneza kanda yetu alimkata. Sauti: farasi anahema. Chembechembe zipo, hawakuzifuta, picha inapumua. Mikwaruzo yote imeondolewa, kila uchafu umeoshwa. Na giza, Ombati, giza ni lile lenyewe. Ungeweza kuhesabu mbuzi ndani yake.

Nilitema mate pembeni kwa heshima yako. Majani mawili na chipukizi. Hakuna nakala bora kuliko hii na haitakuja.

Ilipokwisha nilikaa na blanketi zangu hadi kuku wakarudi wenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba hakuna mtu wa kubishana naye. Nilisema kwa sauti, "Haya, sema," na kilichosema ni friji. Nilitafuta kama kuna mtu mmoja kati ya Ekerenyo na Kisii mjini ambaye ningemwambia nilichoona akaelewa ni kitu gani kimetokea. Hayupo. Wangeniambia ni picha tu, mzee, tena ya zamani. Nilijiona kama mtu wa mwisho anayeongea lugha ya kabila fulani, na hata matusi hana wa kumtukana.

Moraa alikuwa mlangoni kwake. Akaniuliza, "Alifika?" Nikasema, "Alifika, shemeji. Taa ilikuwa inawaka." Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaingia ndani kupika.

Nakuaga, Ombati. Mimi si mtu wa kaburini na maua, nitakuja kukufyekea majani na nitakusema vibaya, kama kawaida. Ninakuahidi hili: ile diski haitatoka kwenye kasha lake tena, wala Kerubo sitamwambia kitu zaidi ya asante. Kanda yetu iliyotafunwa ninayo, na deki ya zamani bado inakohoa. Mtu yeyote akitaka Picha ya Taa, hiyo ndiyo nitakayomwekea, na giza likiingia nitasimama mahali uliposimama niseme, "Ngoja taa."

Lala, ndugu yangu. Ningependa kuishia hapo. Lakini niliapa kukuambia, na wewe hukupenda picha iliyokatwa mwisho.

Nimekudanganya pale juu. Katika nakala safi hakuna taa. Wameiosha pamoja na uchafu mwingine, kwa sababu ilikuwa uchafu: doa kwenye ile filamu ya zamani iliyozaa kanda yetu, basi. Farasi anafika kilimani, na giza ni zuri kiasi kwamba unaona tandiko lake lote. Halina mtu. Yule bwana hakufika, Ombati. Na mimi sina bahati yoyote.

Osoro