Dirisha la Bibi Kezia

Mtaa wa Mulberry,
Filadelfia.
14 Juni 1793.

Mpendwa Mjomba Jethro,

Natumai barua hii itakukuta huko Bordo, Ufaransa, ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua majira ya baridi kimepata nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Roho ndizo hazitulii.

Bunge letu limeamua, Mjomba! Hatutakaa kando huku wafalme wakiizingira Ufaransa. Tumeingia vitani upande wake, kama mkataba unavyotudai. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulipopambana na Mwingereza, merikebu za nani zilikuja? Hayo nimeyahubiri chuoni hadi sauti ikakauka.

Leo jioni mji mzima utawasha mishumaa madirishani kushangilia. Tangazo la wanafunzi niliandika mimi: kila dirisha liwake, na lisilowaka ni la adui. Nawe wajua desturi yetu; dirisha lenye giza hupigwa mawe.

Mama yako, Bibi Kezia, amekataa kuwasha. Katika moto wa kuandika sikuwafikiria yeye na wenzake wa dhehebu la Marafiki, ambao dini yao haishangilii vita vya yeyote.

"Lemueli," aliniambia, "mimi huwasha mshumaa nikitaka kuona. Wewe wataka nione nini?"

"Uhuru, Bibi."

"Kumbe uhuru hauonekani mpaka mtu avunjiwe vioo?"

Nikamwendea Kalebu, mwanafunzi mwenzangu anayeongoza kundi, nikamsihi wapitie mtaa mwingine. Akaangua kicheko. "Ndugu yangu, 'kila dirisha' uliandika wewe. Au bibi yako anaishi pangoni?"

Nilitaka kuiwasha mishumaa mwenyewe. Lakini taifa linalotimiza ahadi yake kwa Ufaransa kwa kumlazimisha bibi kizee avunje yake kwa Mungu, limetimiza nini?

Jua linashuka, na ngoma zimeanza kulia sokoni. Bado naamini vita hivi ni vya haki. Naandika nimesimama, maana kiti nimekwisha kukipeleka sebuleni, mbele ya dirisha la Bibi. Nitaketi pale gizani, utepe wangu wa rangi tatu za Ufaransa kifuani. Kalebu nimemwambia. Atakayerusha, arushe akijua nani yumo.

Nisalimie mkeo Margariti na binamu yangu Etieni. Mama anakusalimu sana; Bibi asema usiache kuvaa sufu kifuani.

Mungu ailinde nyumba yako siku zote, na hii yetu walau hadi asubuhi.

Mpwa wako akupendaye,
Lemueli