Mahali Nilipokaa

Shule ya Msingi,
Kewanja, Tarime.
9 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo sana, Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti likiwa limepungua kuuma, na wajukuu wakikupa nafasi ya kukaa chini. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafundisha. Madarasa yetu yanazidi kupungua watoto, maana wakubwa wote wanakimbilia kuponda mawe ya dhahabu, lakini hao waliobaki tunabanana nao hivyo hivyo mpaka wajue kugawanya.

Najua macho yako hayakuruhusu, na anayekusomea ni wifi yangu Akinyi. Wifi, nakusalimu sana. Nakuomba usome yote kama yalivyo, usiruke neno kwa kumwonea Mama huruma, wala kwa kujionea wewe mwenyewe. Mkae wote wawili chini kwanza.

Mama, nakuandikia habari ya Otiende. Nitafika huko, usinisukume. Lakini lazima nianze na chama chetu, kwa sababu bila chama nisingefika nilikofika, na unanijua, nikianzia katikati navuruga kila kitu.

Kile Chama cha Wachoraji wa Rangi za Maji cha Tarime na Serengeti bado kipo. Nakumbuka ulivyonicheka nilipojiunga, ukauliza ni watu wazima gani hao wanaogombania rangi za watoto. Basi ndio hao hao. Watu walisema dhahabu ingekimaliza chama, na kweli imejaribu. Fundi seremala aliyetutengenezea mbao za kuchorea aliacha brashi yake mezani ikiwa bado mbichi, akaenda kushika sururu, hatujamwona tena. Lakini Mwalimu Athanas, mwenyekiti wetu, ni Mkurya wa kale, ukimwambia kitu kitakufa ndipo anakikumbatia. Alisema tukibaki wawili tutakuwa mwenyekiti na katibu, na mkutano utafanyika.

Huyo mzee ana sheria moja tu, na haipindishi hata kwa padri. Mtu asichore asichokiona kwa macho yake. Siku ya maonyesho kila mchoraji anasimama kando ya picha yake na kuwaambia watu alikaa wapi alipoichora. Nilikaa juu ya jiwe fulani, jua lilikuwa mgongoni, basi, inatosha. Ukishindwa kusema, picha inashushwa mbele ya watu. Anasema rangi ya maji haina kufuta, ukikosea kosa linabaki juu ya karatasi, kwa hiyo mchoraji naye asiwe na kufuta mdomoni.

Mwaka jana tulipotoka kuchora wanyama Ikoma, Simon, yule karani wa mahakama, alitundika simba mzuri ajabu. Akasema alikaa chini ya mgunga, simba akiwa mbele yake. Mwenzetu Wangwe, ambaye ni askari wa wanyama kule getini, akamuuliza kwa upole kama mkewe anapokea mirathi, maana mtu aliyekaa hapo angekuwa ameshaliwa. Loh! Watu walicheka mpaka Simon akakiri kwamba alikuwa ndani ya Landrova, vioo vimepandishwa. Picha ikashushwa. Sasa imetundikwa jikoni kwake na mkewe anaisifia sana.

Mwaka huu tulikutana Susuni, nyumbani kwa Robi, yule mkulima anayechora mahindi kuliko anavyoyala. Tukakubaliana kwamba maonyesho yatahusu kazi za watu wetu. Kila mmoja akachagua. Huyu kupalilia ulezi, huyu kukamua, huyu wauza dagaa wa mpakani Sirari. Nikasubiri nisikie nani atachora dhahabu, maana ndiyo inayotulisha na kutuvuruga siku hizi. Hakuna aliyeichagua. Wanaume waliogopa mashimo, na wanawake haturuhusiwi kuingia. Wachimbaji wanaamini mwanamke akikanyaga ndani ya duara, yaani shimo lao, dhahabu inahama. Nikanyoosha mkono. Mwalimu Athanas akaniuliza kama nimeikumbuka sheria. Nikamjibu kwamba naikumbuka, ndiyo maana nimenyoosha.

Mama, hapo sikuwa nawaza picha. Nilikuwa namuwaza ndugu yangu.

Tangu Pasaka, bwana Waisiko, mwenye lile duara alimochimba ndugu yangu, alipotutangazia kwamba Otiende amekimbilia Geita na dhahabu ya wenzake, sijawahi kupita sokoni Kewanja bila kusikia mtu akisema nyuma yangu, dada wa mwizi huyo. Baba mdogo Oduol alipokuambia kwamba mtoto huenda amekufa, na kwamba desturi yetu inajua la kufanya, tuzike tunda la yago mahali pa mwili usiopatikana, wewe uliwaka. Ulisema huwezi kuzika tunda badala ya mtoto anayekula na kunywa huko Geita. Nilikuwepo, nilikusikia. Akinyi naye akabaki hapo katikati, si mke wa mtu wala si mjane, hanyoi nywele, halii, hajui watoto awaambie nini. Niliporudi Kewanja nikaapa kwamba lazima nijue, hata kama kujua kwenyewe ni kuchungu.

Nilianza kwa adabu. Nilimwendea Waisiko nikamwomba nichore duara lake kwa ajili ya maonyesho. Alifurahi sana, unajua mtu mwenye mali anavyopenda kuonekana. Akasema nichore kutoka nje, mdomoni, nisithubutu kuweka hata kidole cha mguu ndani. Nikakaa pale nje kila nilipomaliza vipindi. Nilichora kamba, nikachora marundo ya mawe, na wanaume wakitoka ndani wote rangi moja ya vumbi. Na nikagundua jambo. Heche, yule kijana wa Kikurya aliyekuwa akichimba pamoja na Otiende na kula naye sahani moja, kila akinikuta pale alikuwa anapita upande wa pili.

Nikamfuata. Nikamuuliza, akakana. Nikamuuliza tena sokoni, nikamuuliza kwenye mashine ya kusaga mbele ya mama yake. Akaniambia nina kichwa kigumu. Nikamwambia amejua leo? Mwisho alikuja mwenyewe shuleni, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema Jumapili asubuhi Waisiko atakuwa mjini kuuza mzigo, nivae suruali.

Basi Mama, mwanao aliingia duarani. Usishike kichwa, nimeshatoka. Heche alinifunga kamba kiunoni, nikashuka kwa kukanyaga vishimo walivyochonga ukutani, ubao wa kuchorea nimeufunga mgongoni kama mtoto. Niliogopa, sikufichi. Nilisali kwa Kijaluo, nikatukana kwa Kikurya, Mungu anisamehe. Chini kuna njia mbili. Moja wanaendelea kuichimba. Nyingine imezibwa na matimba, yale magogo ya kushikilia dari, na Waisiko aliwaambia watu kwamba upande ule hauna kitu. Heche akatoa magogo mawili tukapita kwa tumbo, na mbele yake kulikuwa na mawe yaliyoanguka kutoka juu mpaka chini.

Hapo ndipo Heche alipokaa chini akalia. Alisema dari liliporomoka asubuhi, Otiende akiwa mbele na yeye nyuma. Alisema alimsikia akigonga jiwe. Walijaribu kuchimba, mawe mengine yakaanguka, na Waisiko akaamuru watoke. Baadaye hakukuwa na kugonga tena. Waisiko aliona serikali ikisikia itafunga duara, basi akatunga safari ya Geita. Naye Heche alinyamaza kwa sababu anakula kwa Waisiko. Nilitaka kumpiga, Mama. Nilinyanyua mkono kabisa. Kisha nikaona kwamba ni yeye peke yake, katika Kewanja nzima, aliyethubutu kunileta pale, nikaushusha.

Nikamwambia anishikie tochi. Nikakaa juu ya gunia, maji nikayakinga yale yanayodondoka ukutani, nikachora. Heche alidhani nimerukwa na akili. Lakini nilijua nikitoka pale na maneno matupu, Waisiko ana maneno mengi kuliko mimi. Nilichora kila jiwe mahali lilipo.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi iliyopita, ukumbi wa parokia, Tarime mjini. Robi alinisihi nitundike ile picha ya nje tu, akisema mimi ni mwanamke peke yangu Kewanja, nitalala wapi. Nikamwambia nitalala ninapolala siku zote. Nilitundika picha ya ndani. Waisiko alikuja na shati jipya na rafiki zake kuona duara lake likisifiwa.

Zamu yangu ilipofika, nikasimama kando ya picha nikasema: nilikaa chini, ndani ya duara la bwana Waisiko, katika njia aliyoiziba, mbele ya mawe yaliyomwangukia ndugu yangu Otiende.

Mama, watu wote wakageuka kumtazama Waisiko. Waisiko akaruka kwamba mimi ni mwongo, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga duara lake, na kwa sheria ya chama picha ishushwe. Mwalimu Athanas akauliza kama nina shahidi. Heche alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwita. Alikuja mwenyewe mpaka mbele, akasema ni yeye aliyenishusha kwa kamba. Waisiko alivyomwona, hasira zikamtoa akili. Akapiga kelele kwamba tumemharibia duara, kwamba dhahabu yake itahama kwa sababu yangu, na nitoe mbuzi wa kulitakasa kabla jua halijazama. Mwalimu Athanas akavua miwani, akamuuliza taratibu, mbuzi wa kutakasa nini, bwana, kama hakuna mwanamke aliyeingia?

Njia ya mwongo ni fupi, Mama. Watu waliokuja kuangalia picha wakamzunguka, na wa kwanza kumuuliza Otiende yuko wapi walikuwa Wakurya wenzake. Siku ya pili viongozi wa kata walilifunga duara, mtu yeyote asishuke tena. Waliokuwa wakiniita dada wa mwizi sasa wananisalimu kutoka mbali. Mwenye nyumba wangu ameniomba nihame akiogopa watu wa Waisiko. Nimemwambia kodi nimelipa na sihami.

Hayo ndiyo waliyoyajua watu wa ukumbini. Sasa nakuambia ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata Mwalimu Athanas. Akinyi, dada yangu, mshike Mama mkono.

Katikati ya mawe yale, upande wa kushoto chini, kuna kitambaa kimetokeza. Heche hakukijua. Nilikijua mimi. Ni mkono wa sweta la kijani ulilomfumia, na kwenye kiwiko una ule mstari mweupe, pale uzi wa kijani ulipokuishia na ukakataa kununua mwingine kwa sababu mweupe ulikuwepo. Nilikigusa, Mama. Sikukivuta, kwa sababu mawe yananing'inia juu yake na Heche alisema tukivuta tutabaki wote. Kwenye picha nimekiweka. Rangi ya maji haina nyeupe, nyeupe ni karatasi unayoiacha bila kuigusa. Basi ule mstari wako sikuugusa. Watu wote walipita wakadhani ni mwanga wa tochi.

Nisamehe. Najua kwa nini ulimng'ang'ania yule Otiende wa Geita. Ulijua moyoni kwamba hukuzaa mwizi, lakini ulimpokea mwizi huyo kwa sababu alikuwa hai. Ningekuwa mama ningefanya vivyo hivyo. Mimi nimekuja kukunyang'anya huyo mmoja uliyebaki naye, na kukurudishia yule uliyemzaa. Nimelia barabara nzima kutoka Tarime kwa ajili ya jambo hilo, lakini nisingeweza kukuacha ukimsubiri.

Nitakuja Ijumaa. Naomba baba mdogo Oduol atafute yago zuri, lililokomaa, na vijana wachimbe mahali pa Otiende, upande wa kushoto wa nyumba kama inavyotakiwa. Heche ameomba kuja nami. Ukikataa asiingie dala, yaani bomani kwetu, atakaa nje ya uzio, ameshasema yuko tayari. Chama kiliomba kubaki na picha nimekataa, ni yako. Nitaileta imefungwa, na ukisema hutaki kuiona nitaiweka kaburini kando ya yago bila kuifungua.

Wasalimie sana baba mdogo na wote wa huko. Watoto wa Otiende uwaambie baba yao alikuwa mtu wa kazi na alifia kazini, na mtu yeyote akiwaambia vingine wamtume kwangu. Wifi, nyoa nywele, lia kwa sauti unayotaka, hakuna wa kukuuliza unamlilia nani. Na wewe Mama, usiku huu ule mlango unaomwachia wazi ufunge kabisa, ulale. Mwanao hakuiba wala hakukimbia. Muda wote huu alikuwa hapa hapa Kewanja, hajakwenda popote.

Ni mimi binti yako,
Awino