Kura ya Debe la Mbegu

Mchumba wangu Bibi,

Shikamoo. Najua huko uliko umenuna, unasema mume gani huyu, tangu anizike kanyamaza. Nisamehe. Nina jambo linanichemka kichwani na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Jumamosi kijiji kinapiga kura tena. Ileile, Bibi! Kila kaya itoe debe la uwele, kamati iuze, tumalizie shule yetu. Eti tukishafikisha kuta juu, serikali italeta bati.

Unaikumbuka kura ya kwanza? Mwezi wa sita, tumetoka kuvuna, vihenge vimejaa, pombe ya ujimbi iko kichwani. Mwenyekiti kauliza nani anakubali, wewe ukanyoosha mikono miwili.

"Bibi, mtu mmoja mkono mmoja," akakuambia.

"Huu mwingine wa mjukuu wangu Neema. Yeye ndiye atakayesoma, siyo wewe na kitambi chako."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hakuna aliyekataa. Nani angekataa mwezi wa sita?

Kukusanya wakaja mwezi wa kumi na moja. Ndivyo tulivyo sisi, tunaahidi kihenge kikiwa kimejaa. Kwetu lilibaki debe la mbegu tu. Nikasimama mlangoni, nikasema halitoki. Ukanisukuma pembeni, mdogo vile, ukasema, "Nilikubali mbele za watu. Unataka niitwe muongo uzeeni?"

Ukalitoa. Tukafyatua matofali ya udongo, kuta zikapanda, tukasubiri bati. Mvua ikaja, bati hazikuja. Sisi tukapanda mbegu za kuombaomba, zikaota mojamoja kama nywele za kichanga. Mwaka ule wewe ulikuwa unatupakulia chakula halafu unakaa pembeni. Nikakuuliza umeshiba nini, mchumba. Ukasema, "Nimeshiba kukutazama." Nikacheka, mjinga mimi! Mavuno yaliyofuata hukuyaona. Watu wanasema ni uzee tu. Labda.

Zile kuta ukiziona leo utadhani vichuguu. Mbuzi wanalala humo. Nikipita nageuza uso.

Na Neema bado anakwenda kule shule ya mbali, ng'ambo ya korongo. Mvua zilizopita maji yalishuka ghafla, nikamkuta kasimama upande wa pili, viatu kichwani, analia, mimi huku napiga kelele asivuke, asivuke! Sauti ilinikauka. Mimi korongo hilohilo liliniachisha darasa la tano, unajua. Haya ninayoyajua nimeyaokota mwenyewe kwenye simu na vitabu vya kuazima. Sitaki naye aokoteokote.

Safari hii mwenyekiti kaitisha mkutano mwezi huu wa njaa makusudi. Anasema ndiyo atajua nani anasema kweli. Matofali yatachomwa, anasema, mvua haitayala. Sawa. Ila bati je? Leo alipokuwa anatangaza nikamuuliza, akajibu, "Kijana, tuamini." Jirani yetu Mzee Mathayo akanivuta shati. "Kuta za kwanza zilikula mbegu za bibi yako. Hizi zitakula nini?"

Nimerudi nyumbani nimevurugwa. Neema alikuwa anachambua mlenda, hata hakuinua macho. "Kaka, ukikataa usijali. Nitaacha shule, nikusaidie shamba." Kasema kawaida tu, kama mtu anayekuambia chumvi imeisha. Bibi, bora angelia.

Kihenge kina debe moja. La mbegu. Nikilitoa na bati zisije, mwakani tutakula nini? Nikilizuia, na wenzangu wakizuia, Neema anabaki na lile korongo, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Ningejua bati zitakuja ningetoa hata godoro. Sijui, na hakuna anayejua.

Haya, pumzika mke wangu, kaburi nimelipalilia. Lakini usininyamazie. Ulishalitoa debe, ukaona lilikokupeleka. Ungekuwa mimi Jumamosi hii, ungefanyaje?

Mumeo wa utani,
mjukuu wako