Hewa Kwenye Zege la Mumeo

Mwanangu,

Nina miaka sabini na tisa, nimewazika mafundi wote walioniita mkaidi, na mifupa bado natafuna. Goti limepoa. Paka wako kazaa tena.

Mumeo alinipa kazi ya kupima hewa kwenye zege la nyumba yenu, na kwa kazi hiyo hakuna wa kunifikia. Siku ya kumwaga sakafu ya juu nilijaza zege kwenye chungu cha kupimia hewa, nikabana kifuniko, nikapampu. Sindano ya kipimo ikapita mstari mwekundu.

"Mkwe, zege hili limejaa hewa kama mkate, halitabeba uzito. Rudisha lori."

"Mzee, mkono wako unatetemeka tu," akacheka. Akajaza upya mwenyewe, akakigonga chungu kwa nyundo mpaka hewa ikatoka na sindano ikashuka. Ya chunguni ilitoka, mwanangu. Ya sakafuni imo.

Jana wameondoa nguzo za mbao zilizoishikilia. Nasikia mnahamia Jumamosi, na vitanda vya watoto vitakaa chini yake. Msihamie. Njooni tubanane kwangu.

Ukidhani ni uzee, muulize dereva wa lori la zege. Aliona yote, na jana mvua ilipomkuta pale alikataa kuingia humo kujikinga.

Baba yako