Mama Mkwe Ndani ya Trela

Shoga, sina uso wa kumtazama mtu. Nimemfungia mama mkwe ndani ya trela!

Si unalijua lile trela letu la kulala safarini? Nilikuwa nalihifadhi kabla ya mvua. Nikaziba matundu ya hewa panya wasiingie, nikatia kufuli mlangoni, nikalifunika turubai, nikakaza kamba. Kumbe mama kajilaza ndani!

Na kugonga nilikusikia. Nikajua ni mafundi wa jirani, nikaongeza sauti ya redio. Nikaongeza redio, shoga!

Mume wangu ndiye aliyemtoa. Mama katota jasho, sauti imemkauka. Mume akauliza, "Nani kakufungia?"

Mama akamwambia, "Nilijifungia mwenyewe, mwanangu."

Kufuli lilikuwa nje, shoga. Nje!