Mabuti ya Juma

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Hapa Keko hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila ubishi bado anao.

Umeniuliza kama umwache Juma acheze nje kwenye manyunyu ya huko Njombe. Unasema mtoto anashinda dirishani.

Miaka ile ya Ujamaa tulipanga foleni kupata nguo, na mie nilikuwa na gauni moja tu. Mvua za masika zilipoanza, mama alitufungia ndani, tukagombana mpaka akachoka. Jirani yetu, bibi mmoja wa Lindi, akamuuliza, "Mwanangu, unaogopa watoto walowe, au nguo?"

Mama akacheka. "Nguo, bibi. Watoto wanakauka upesi."

"Basi nguo zibaki ndani."

Tukatoka na chupi tu! Tuliokota vipande vya mbao kwa mafundi seremala, tukavishindanisha kwenye mtaro, tukipiga kelele mtaa mzima. Nilipogeuka nikamwona mama mlangoni. Alikuwa amenyoosha mguu mmoja kwenye maji yanayochuruzika kutoka paani. Alipoona namtazama, akaurudisha haraka kama aliyeiba kitu.

Ule mguu sijausahau mpaka leo.

Huko kwenu baridi ni kali, kwa hiyo mvalishe sweta, mnunulie mabuti, na akirudi mpe uji wa moto. Ila ukienda dukani, mama Juma, usirudi na mabuti ya mtoto peke yake. Nunua na yako.

Bibi yako,
Keko