Kidole cha Mtani

Dada Felista,

Salamu kwako na wanao. Mpanda matope yananifika magotini, lakini nina furaha. Leo daktari amempima kaka Kristofa kuona kama mionzi ya Nairobi imeulegeza ule uvimbe wa kansa kwenye njia ya haja kubwa. Usipolegea, hapasuliwi. Nilikuja na hotuba kali ya kumpa daktari juu ya wiki zote hizi za kungojeshwa tangu mionzi iishe. Daktari, Mnyamwezi na mtani wetu sisi Wafipa, alipovaa glavu ampime kwa kidole, kaka aligoma kulala.

"Mfipa mzima, unarusha radi za uchawi, unaogopa kidole?" daktari akamtania.

"Kidole cha Mnyamwezi mpagazi wa misafara kina sugu!" kaka akajibu, akacheka, akalala akigeukia ukutani.

Daktari akaingiza kidole, akapima. Kisha akasema, "Mara ya kwanza uvimbe ulikuwa umegandana na mfupa. Leo nausukuma, unasogea. Mionzi huendelea kufanya kazi wiki kadhaa hata mashine ikizimwa, ndiyo maana tulisubiri. Alhamisi tunakupasua, mtani."

Hotuba nimeimeza. Kaka ameagiza wali wa mchele wa huku Mwamkulu na samaki, nami nimemwachia minofu yote. Mwombee Alhamisi, na wewe ule ushibe.

Nduguyo mbishi, aliyeshindwa akafurahi,
Anselmi